Katavi kiangazi: jinsi ya kupanga safari kwa kufuata maji

Wakulima wa Tanzania wanapotaja "mbuga" huwa na maana yao: tambarare ya udongo mweusi, masika inalala maji, kiangazi inapasuka nyufa za kuingiza mguu. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, magharibi mwa nchi, ni mbuga kwa maana hiyo hasa. Mto Katuma na vijito vyake hulisha maziwa ya msimu ya Katavi na Chada pamoja na tambarare ya Katisunga, na maji yanayosalia hutoka kwa Mto Kavuu kuelekea Ziwa Rukwa. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1974 na leo ina kilomita za mraba 4,471, lakini kiangazi kikikolea wanyama wanaohitaji maji kila siku hubanana kwenye madimbwi machache. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu wa Sitalike, kijiji chenye makao makuu ya hifadhi, kabla ya kulipia chochote ni hili: wiki hii maji yamebaki wapi? Mwezi wa kwenda, njia ya kupita, aina ya gari na hata mahali pa kuegesha hufuata jibu lake.

Mwezi gani

Desemba hadi Aprili usiende kwa gari lako. Mvua zikishika, njia za tambarare hazipitiki, na gari likinasa halitoki siku hiyo. Mei bado ni matope.

Juni na Julai barabara zinakauka, hewa ni nzuri, ndege ni wengi, lakini maji yametapakaa na nyasi zinafika kwenye kioo cha gari. Utaona wanyama, ila kwa mbali na kwa kutafuta. Agosti madimbwi yanaanza kujitenga. Kuanzia mwanzo wa Septemba hadi katikati ya Oktoba ndiyo Katavi ambayo watu husafiri mbali kuifuata: viboko wamejaa kwenye tope, mamba wameingia mapangoni, makundi makubwa ya nyati yako wazi kwenye Katisunga. Gharama yake ni joto kali mchana, vumbi na harufu nzito ya madimbwi. Mwishoni mwa Oktoba mvua ya kwanza inaweza kugeuza kila kitu kwa saa moja, basi ukichagua wakati huo uwe na siku mbili za akiba.

Kiasi cha maji hakifanani mwaka hadi mwaka, na chanzo si mvua peke yake. Mashamba ya mpunga nje ya hifadhi huchota Katuma na mikono yake kabla haijafika kwa viboko, kwa hiyo mto unaweza kukatika mapema kuliko ulivyozoea. Hili linaumiza, na ni sababu ya kutosha ya kutotegemea picha na maelezo ya miaka kumi iliyopita unapochagua tarehe. Piga simu lango la hifadhi au kwa dereva wa Sitalike siku kumi kabla ya kuondoka, kisha siku mbili kabla.

Jipe siku mbili kamili ndani, tatu ni bora. Anayekuja kwa siku moja huishia kwenye daraja la Sitalike na kwenye dimbwi la karibu.

Kufika

Mji wa kuegemea ni Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Kijiji cha Sitalike kiko kusini yake, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Kutoka Dar es Salaam au Mwanza unaweza kupitia Tabora, na kutoka Kigoma kupitia Uvinza. Kutoka nyanda za juu kusini unapita Tunduma na Sumbawanga. Treni ya abiria hufika Mpanda kutoka Tabora kupitia Kaliua, lakini haiendi kila siku, na ndege pia zina siku zake. Hakikisha ratiba ya kurudi kabla ya kukata tiketi ya kwenda.

Barabara kuu ya Mpanda hadi Sumbawanga inakatiza ndani ya hifadhi, na basi linapita humo. Watu huona twiga au nyati dirishani wakadhani wameshaiona Katavi. Hapana: tambarare zenyewe ziko mbali na barabara hiyo, na kuingia kunahitaji kibali, gari na muda. Hata hivyo usiku usipite humo bila sababu, maana wanyama huvuka na huonekana wakiwa tayari mbele ya bampa.

Mpanda ndipo mahali pa kumaliza mambo ya mjini: benki, mafuta, dawa, vyakula, tairi. Fedha taslimu zitakusaidia kijijini, lakini langoni hazipokelewi. Ada za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali. Mtandao ukisumbua utakaa langoni huku asubuhi inapita, basi omba namba hiyo na ulipe siku moja kabla. Mtanzania aje na kitambulisho cha taifa, mwana Afrika Mashariki na pasipoti au kitambulisho cha nchi yake, kwani bila hicho huna ushahidi wa kupewa kiwango chako. Uliza pia kibali kinaanza kuhesabiwa saa ngapi na kama unaruhusiwa kutoka na kuingia tena. Ukilala kijijini, jibu hilo linabadilisha bajeti nzima.

Kama unakodi gari Mpanda au Sitalike, andikianeni mambo manne: nani analipia gari kuingia, nani anaweka mafuta, saa ngapi za kazi kwa siku, na nini kitatokea gari likiharibika. Ugomvi mwingi wa safari hizi hutokana na la pili na la nne.

Gari na mzigo

Unahitaji gari refu kutoka ardhini, linalovuta kwa magurudumu yote manne na lenye gia nzito. Gari dogo linafika Sitalike salama, halifai Katisunga.

Mafuta: kwa mwendo wa kutazama wanyama, gari kubwa la dizeli linaweza kula lita 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Mizunguko ya siku mbili inafika kilomita 250 hadi 300 bila kujikaza, kwa hiyo hesabu lita 60 za kazi na lita 20 za akiba kwenye dumu la chuma, si la plastiki.

Tairi za akiba ziwe mbili. Beba jeki pamoja na kipande cha ubao mgumu, upana wa sentimita 40 kwa 40 na unene wa sentimita nne hivi. Bila ubao jeki inazama kwenye udongo mweusi badala ya kuinua gari, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba jeki peke yake haina faida. Ongeza sepetu, kamba imara ya kuvutia, pampu ya tairi, kipimo cha upepo, na mbao mbili ndefu za kuweka chini ya magurudumu. Usitegemee kukata matawi: ndani ya hifadhi hairuhusiwi.

Maji ya kunywa hesabu lita tano kwa mtu kwa siku, Oktoba lita sita, na juu yake lita 20 za rejeta na dharura. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Tumia ya kitambaa. Pakua ramani kwenye simu mapema, kwa sababu mtandao hukatika kabisa unapoacha barabara kuu, na andika langoni njia yako na saa ya kurudi. Wakikuona hujarudi, watajua pa kuanzia.

Juni na Julai kuna hatari isiyotajwa sana, nayo ni mbegu za nyasi. Zinaziba rejeta hadi injini inachemka, na nyasi kavu hujikusanya juu ya ekzosi zikashika moto chini ya gari. Funga wavu laini mbele ya rejeta, simama kila baada ya saa moja mahali peupe penye mwonekano mzuri, uusafishe. Chungulia chini kwa tochi, na ondoa nyasi zilizokwama kwa fimbo. Kizima moto kiwe karibu na dereva, kisizikwe chini ya mizigo.

Udongo mweusi unavyodanganya

Juu unakauka na kufanya ganda la kijivu lenye nyufa. Chini bado ni uji. Gari linaenda mita 30 vizuri, ganda linapasuka, ekseli inakaa. Angalia nyayo za nyati kabla ya kuingia. Kama kwato zimezama zaidi ya urefu wa kidole, rudi. Kama nyayo ni za zamani na zimekauka kama matofali, unaweza kupita, lakini kwa mwendo wa mtu anayetembea, maana mashimo ya nyayo za tembo na viboko yakikauka huvunja springi. Kaa kwenye njia iliyokwishapitwa. Kuchepuka kumekatazwa, na alama za tairi kwenye mbuga hubaki hadi masika mengine.

Ukinasa, acha kukanyaga mafuta mara moja. Kila mzunguko wa gurudumu unakushusha zaidi. Mruhusu askari wa uhifadhi, kama mko naye, atazame pande zote kwanza, ndipo mshuke. Chimba mbele ya magurudumu yote manne, si yaliyozama tu, ondoa tope lililogusa ekseli, weka mbao, kisha toka kwa gia nzito taratibu. Kupunguza upepo wa tairi husaidia kwenye mchanga wa mito iliyokauka. Kwenye udongo mweusi uliolowa hakusaidii sana, kwa sababu tope hujaza meno ya tairi likawa kama limepakwa mafuta. Mvua fupi ikikukuta, simama ungoje jua. Mara nyingi saa tatu au nne za jua na upepo hutosha kurudisha ganda. Kulazimisha njia ndani ya nusu saa ya kwanza ndiko kunakowalaza watu porini.

Mbung'o

Kati ya tambarare moja na nyingine kuna misitu ya miombo, na miombo ya Katavi ina mbung'o wengi mno. Wengine huwaita ndorobo. Huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea, yaani gari lako, pamoja na rangi ya bluu na nyeusi. Vitambaa vya bluu na vyeusi unavyoona vimening'inizwa porini ni mitego yao. Vaa kaki, udongo, au kijani iliyopauka, suruali na mikono mirefu ya kitambaa kizito, kwani huchoma kupitia shati jepesi na soksi. Mavazi yenye mabaka ya kijeshi acha nyumbani; raia haruhusiwi kuyavaa Tanzania.

Dawa za kupaka za mbu hazizuii sana. Kinachofaa ni kufunga vioo vyote ukiingia miomboni na kuvifungua ukitoka uwandani, ambako mbung'o hupungua ghafla. Madereva wa huku huchoma kinyesi kikavu cha tembo ndani ya kopo lililotobolewa na kulining'iniza nyuma ya gari la wazi. Moshi unasaidia kweli, ila kopo lifungwe kwa waya na lisiachwe karibu na nyasi. Giza likiingia mbung'o hupumzika, nafasi inachukuliwa na mbu, na hapo chandarua na dawa ya kukinga malaria ndivyo vinavyohesabika.

Dimbwini

Katuma hupita Sitalike, na darajani unaweza kuwaona viboko siku ile ile unayofika. Makundi makubwa ya kiangazi tafuta upande wa Ikuu, kituo cha askari ndani ya hifadhi, na Chada, kwenye vipande vya mto vilivyobaki na kwenye chemchemi ambako maji hayakatiki upesi. Ondoka alfajiri mara lango linapofunguliwa. Saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi mwanga ni laini na viboko ndiyo kwanza wametoka malishoni. Baada ya hapo hewa inachezacheza kwa joto na picha za mbali hazitoki safi, hata kwa lenzi ya milimita 400. Rudi tena kuanzia saa 10 jioni.

Egesha umbali wa mita 25 au zaidi kutoka ukingoni. Ukingo umechimbwa kwa chini na unaweza kumeguka. Tena chunguza kwanza njia za viboko: ni mifereji miwili sambamba yenye tuta katikati, kwa sababu miguu yao ya kushoto na kulia imeachana, na vichaka vya pembeni vimepakwa kinyesi. Gari likiziba njia hiyo, kiboko aliyechelewa malishoni atalikuta kati yake na maji, na hapo hana tabia ya kuzunguka. Geuza gari litazame pa kutokea, zima injini, funga redio, ukae.

Sasa tazama bila haraka. Viboko mia na zaidi wanaweza kubanana kwenye tope lisilofika magotini mwao. Hawawezi kuondoka kwa sababu ngozi yao hupoteza maji haraka na kupasuka juani, kwa hiyo madume ambayo masika huwa na kipande cha mto kila mmoja hulazimika kugusana ubavu. Mdomo unaofunguliwa wazi ni tishio, si mwayo wa usingizi. Ukiona dume linainua kichwa, linarusha tope, na majirani wanaanza kusogea, andaa kamera: pambano likianza huwa fupi na kali. Majike wenye ndama hukaa pembeni. Wasipokuwa wametulia baada ya robo saa, uko karibu mno.

Mamba hutazamwa kwa namna nyingine. Maji yakikatika huingia kwenye mashimo waliyochimba kwenye kingo za mto, wakajilaza humo kwa makundi, mara nyingine wamepandana, hadi mvua irudi. Kivulini humo hawapotezi maji mengi na miili haichemki. Pitisha darubini kwenye kila tundu jeusi la ukingo wa pili. Kwanza utaona tundu tupu. Baada ya dakika moja utaanza kuhesabu pua.

Simba hawako mbali na maji hayo, kwani nyati lazima waje kunywa. Tafuta nyayo mbichi kwenye vumbi la barabara kabla magari hayajazifuta, na kagua kivuli cha vichaka vya ukingoni. Kundi la nyati likivuka mbele yako, simama mita 100 na uliache limalizike, hata kama ni nusu saa. Ukilikata katikati, ndama watabaki upande mmoja na mama zao upande mwingine. Tembo wa eneo hili wamesumbuliwa na majangili kwa miaka mingi, na baadhi hawavumilii gari. Masikio yakipanuliwa na kichwa kikitikiswa, rudi nyuma polepole bila kupiga honi. Saa za joto watazame kwenye mchanga wa mto, wakichimba visima kwa miguu na mkonga. Wanyama wengine husubiri zamu yao hapo.

Neno moja litakuchanganya. Mwenyeji akisema "korongo", huenda ni bonde lililochimbwa na maji, huenda ni ndege mrefu, huenda ni yule swala mkubwa mwenye sura nyeusi na nyeupe anayekaa pembeni mwa miombo. Muulize ni lipi, maana huyo wa tatu ni adimu sehemu nyingi za nchi na anastahili nusu siku yako. Palahala hukaa miombo hiyo hiyo. Uwandani utapata nyamera, kuro na tohe. Kwa ndege, dimbwi linalokaribia kukauka ndilo bora: samaki hawana pa kukimbilia, na mwari, domokijiko, furukombe na makorongo wa aina kadhaa hukusanyika pamoja.

Kwenye ramani Ziwa Katavi lina rangi ya bluu. Oktoba ni majani na vumbi. Karibu nalo upo mkwaju unaohusishwa na Katabi, mzimu wa Wabende ambaye jina la hifadhi limetokana naye, na watu bado huacha sadaka chini yake. Nenda na mwenyeji, usiguse kilichowekwa.

Kwa miguu na kambini

Matembezi ya miguu yanaruhusiwa kwa kibali chake na kwa kuongozana na askari mwenye silaha. Yaombe siku moja kabla. Saa mbili au tatu za asubuhi zinatosha. Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, upepo uwapige usoni, na kamwe msijikute kati ya kiboko na maji. Nyasi zikiwa juu ya kiuno, ahirisheni. Askari mzuri atakataa mwenyewe, na mkimkuta asiyekataa, kataeni nyinyi.

Hema lisimame mbali na ile mifereji miwili, hata kama inaonekana ya zamani. Viboko hutoka usiku na huja hadi kwenye kambi za Sitalike kula majani mafupi. Ukiwasikia, tulia ndani. Hatari huanza mtu anapotoka na tochi akakatiza kati yao na mto. Chakula chote na sabuni vikae ndani ya gari. Nenda haja kabla ya kulala, na weka chombo ndani ya hema kwa ajili ya usiku. Usioge wala kuchota kwenye madimbwi: kuna mamba, na kuna kichocho.

Baada ya kurudi, jichunguze kwa wiki tatu. Mbung'o wa Tanzania wanaweza kubeba ugonjwa wa malale wa aina inayokwenda kasi. Kama mahali ulipoumwa pametokea uvimbe mgumu unaouma, au umepata homa, kichwa kuuma na tezi kuvimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kipimo cha malaria kikitoka safi usirudi nyumbani: mwambie daktari kwamba ulikuwa kwenye miombo yenye mbung'o, taja tarehe, na uombe damu yako itazamwe kwa darubini.